Kilima Kisichotaka Miguu

Wadogo zangu, watu wengine wanastaafu na mvi. Mimi nimestaafu nina meno yote na arobaini sijaifikia. Kituo changu wamekifungia mashine mpya inayotuma habari yenyewe angani. Haili ugali, haiombi ruhusa, haiongei. Bosi aliniita akaniambia, "Shija, tunakupumzisha." Nikamuuliza, "Kwani nimechoka?" Akasema hapana, lakini utapumzika. Basi ndiyo hivyo, mimi sasa ni mzee mstaafu, na atakayeninyima shikamoo nitamkumbuka.

Wameniomba niwaandikie nyie mnaoanza. Nasikia baadhi yenu mnapelekwa kule kwenye visima vya mvuke wa moto, wanakotafuta umeme kwa joto la ardhini, mkasikilize mwamba wakati ile hewa ya ukaa inarudishwa chini ilikotoka. Huko sijafika. Mimi nimesikiliza tope. Lakini Fundi Athumani, aliyenifundisha kazi, anasema ni kitu kilekile. Ukiisukumia ardhi kitu tumboni, iwe hewa, maji au tope, lazima igune. Na lazima awepo mtu wa kujua imeguna wapi na kwa nguvu gani. Ya vyeo nayaruka, sikuwahi kuwa navyo. Elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya isogezeni wenyewe.

Nilitokea kwenye maduara, yale mashimo ya sisi wachimbaji wadogo, nagonga moko, ile patasi ya chuma, kwa nyundo kutwa nzima natafuta dhahabu ya watu wengine. Fundi Athumani alikuja pale anatafuta mtu wa kumchimbia shimo lililonyooka kwenye mwamba, juu ya kilima kimoja njia ya kwenda Ushirombo. Wenzangu wote wakanisonta mimi. Nilidhani wananisifia. Baadaye nikaambiwa walitaka wapumzike na mdomo wangu.

Nikachimba. Athumani akateremsha shimoni kifaa kama chupa ya chai ndogo, akakisimika kwa saruji juu ya jiwe lenyewe. Jina lake jiofoni. Sisi tulikiita sikio. Akavuta waya mpaka kwenye kibanda, akawasha kioo, mstari mmoja mweusi ukawa unatembea umelala kama mtu amekufa.

"Toka nje, uruke," akaniambia.

"Niruke nini?"

"Ruka tu, wewe si unajifanya unaweza kila kitu?"

Nikaruka. Nikarudi ndani. Mstari ulikuwa umesimama nywele, meno juu, meno chini.

"Huyo ni wewe," akasema.

"Mbona mbaya hivi?"

"Ndivyo ulivyo ukiangaliwa kutoka chini."

Athumani ni Mzaramo wa Kisarawe, na mimi Msukuma, kwa hiyo ni mtani wangu. Mnajua wenyewe, mtani halipi kwa alichokisema. Tangu siku hiyo hakuwahi kunipa sentensi moja isiyo na mwiba. Lakini kila ninachokijua kimetoka kwake, na nawapa nyie bure. Sikio likae kwenye mwamba, lisikae kwenye udongo. Udongo ni mwongo, unatikisika wenyewe. Pipa la kulifunika liinamishwe na liwekewe mawe juu, maana mbuzi wa huku anapanda chochote. Waya uupitishe kwenye bomba na kulizungushia oili chafu, mchwa anapenda waya kuliko nyumba. Paneli ya jua uifute kila asubuhi. Wakati wa radi chomoa, halafu ukae mbali, usijifanye shujaa. Na usipande mti karibu. Upepo ukitikisa mti, mizizi inatikisa mwamba, na ofisini wanauona upepo wako wanadhani ni tetemeko. Kwa hiyo kilima changu kilikuwa hakina kivuli hata cha kuku.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mgodi ukishatoa jiwe lenye dhahabu, chini panabaki mapango makubwa. Ukiyaacha wazi mlima utakaa chini siku moja bila taarifa. Kwa hiyo wanasaga mabaki, wanachanganya na saruji, linakuwa tope zito, wanalisukuma kwa pampu kurudi kule kule. Mwamba ukipokea lile tope unajinyoosha, unalia kidogo kidogo. Vilio vidogo ni kawaida. Vikianza kuongezeka mahali pamoja, ofisi inapiga simu chini, watu wanatolewa. Masikio yalikuwa yamezunguka mgodi kwenye vilima, na kila kilima kina mtu wake.

Sasa huyo mtu kazi yake ni nini, wakati kifaa kinasikia chenyewe? Kazi yake ni kimya. Siku za pampu hatoki kituoni, na kila kelele ya juu anaipigia simu ofisini ili wasije wakaichanganya na ya chini. Trekta. Bodaboda. Ng'ombe. Siku moja kundi la ng'ombe lilikatisha mbio chini ya kilima, mimi nipo chooni. Kutoka, simu inalia kama imeibiwa. Ofisini walikuwa wameshaanza kuwatoa watu chini.

"Ni ng'ombe!" nikapiga kelele. "Ni ng'ombe wa Mzee Luhende! Wasitoke, ni ng'ombe!"

Mzee Luhende ndiye alikuwa mtemi wa sungusungu pale kijijini, yaani kiongozi wa ulinzi wa jadi, na neno lake halirudiwi mara mbili. Nilidhani atakasirika nikimpelekea habari. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza taratibu, "Ng'ombe zangu zimesimamisha mgodi?" Wiki nzima alitembea kifua mbele. Gulioni akawa anawaambia watu kwamba zile ng'ombe haziuzwi tena.

Hiyo ndiyo sehemu ya kucheka. Iliyobaki ilikuwa upweke, na huo hakuna aliyenifundisha namna ya kuufunika kwa pipa. Kilima kilizungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na ndani ya mawe hayo siku za pampu mguu wa mtu mwingine ulikuwa marufuku. Pikipiki ziachwe mbali. Redio kwa sauti ya chini. Hakuna kupasua kuni, hakuna kutwanga. Mtu wa mdomo kama mimi, namaliza mchana nimeongea maneno mawili, "ofisi" na "trekta". Nilianza kumsalimia mjusi. Hakuitikia, lakini alikuwa anakaa.

Msichana mmoja wa Nkome, baba yake anavua, alikuja kuona mahali atakapoolewa. Aliniletea dagaa, akaketi, akatazama huku na huku.

"Nitatwangia wapi?"

"Tunapeleka mashineni, siku hizi nani anatwanga?"

"Na wageni?"

"Watakuja siku pampu imezimwa."

"Na watoto watacheza wapi?"

Nikayaangalia yale mawe meupe, nikatafuta kitu cha kuchekesha, sikukipata. Aliondoka kwa adabu. Dagaa aliziacha.

Baba alipofariki huko kwetu, mama akaja kuishi na mimi. Watu walimwita Mama Kulwa, kwa jina la pacha mkubwa. Kulwa yuko Songea na kazi zake, Doto ameolewa Kigoma, na mimi Shija niliyefuata nyuma ya mapacha ndiye nilikuwa karibu. Mayu, ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama, hakukipenda kilima hata siku moja. Alitembea kama mwizi. Alisema, "Nyumba gani hii, mtu anaogopa kukohoa?" Lakini kila asubuhi alishuka bondeni kwa mke wa Mzee Luhende, wanatwanga, wanapepeta, wanasengenya. Mchana anarudi na michembe, vile viazi vilivyokaushwa, kwenye kanga na habari za kijiji kizima. Nani kaachika, nani kanunua bati, mbuzi wa nani kala mtama wa nani. Mimi nilikula michembe na habari pamoja. Ile ndiyo ilikuwa miaka yangu mizuri, na wala sikujua.

Halafu mdogo wake Mzee Luhende akafariki.

Mnajua msiba wa huku. Mtu haulizwi ameleta nini, anaulizwa amekuja na jembe? Kila nyumba inatoa mwanaume wa kuchimba. Usipozika wenzako, na wewe hutazikwa. Sheria hiyo haijaandikwa popote na haina rufaa. Lakini pampu ilikuwa inafanya kazi, chini kuna watu, na mimi siruhusiwi kutoka. Mayu akaenda. Mimi nikatuma ujumbe wa pole kwa simu, nikakaa mbele ya kioo.

Na kwenye kioo nikawaona. Makaburi yalikuwa bondeni tu pale. Kwanza miguu mingi kama mvua inayoanza, halafu majembe. Moja, jingine, jingine. Nikayaripoti ofisini: mazishi. Wakasema sawa.

Siku ya gulio pampu ikawa imezimwa, nikashuka. Wanaume walikuwa wameketi kwenye gogo la muuza kahawa, na mmoja akanitupia, "Shija, msibani hatukukuona."

Hapo mtu mwenye akili anasema pole jamani, kazi ilinibana. Mimi nikasema, "Mbona nilikuwepo? Nilisikia kila jembe lilipogonga. Tena kuna mmoja wenu alikuwa anachimba kivivu, namjua."

Mzee mmoja akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo unawasikia na walioko chini?"

Na mdomo huu, badala ya kufungwa, ukajibu: "Hao hawaongei sana."

Kesho yake baraza la sungusungu likakaa. Hukumu ilikuwa kutengwa. Hakuna wa kunisalimia, wa kuniuzia, wa kuomba moto kwangu au kunipa moto, wala wa kuingia kwangu, kwa raha wala kwa shida. Mimi na nyumba yangu. Nyumba yangu ilikuwa mayu.

Kutengwa, wadogo zangu, siyo kupigwa. Afadhali kupigwa, mtu anakushika. Unampa mzee shikamoo, inaanguka chini pale pale mbele yako. Mangi wa dukani, Mchaga wa watu, mgeni kuliko hata mimi, alinipitishia chumvi kwa mlango wa nyuma akininong'oneza, "Shija, usiniponze, na mimi nina watoto hapa." Bodaboda wakiniona barabarani wanageuza macho kama mimi ni jua. Nikasema moyoni, aa, mimi nimezoea kimya, watachoka wao. Lakini kimya cha kuajiriwa nacho siyo kimya cha kufukuziwa. Cha kwanza unakilinda. Cha pili kinakulinda wewe usitoke.

Mayu alishuka bondeni siku ya kwanza kama kawaida. Mke wa Mzee Luhende alimwona anakuja, akaacha mchi ndani ya kinu, akaingia ndani. Wamesengenya pamoja miaka, wale. Mayu alisimama pale kidogo, akarudi. Alikaa kibarazani mikono mapajani, hana cha kupepeta.

Baada ya mavuno miguu yake ikaanza kuvimba. Gari la ofisi likatupeleka Geita hospitali, daktari akampima, akampa vidonge, akaniita pembeni akaniambia moyo wa mama umechoka, mpeni chakula kisicho na chumvi na msimtie mawazo. La chumvi niliweza.

Siku moja namnywesha uji akanishika mkono.

"Shija, mimi sitazikwa na mtu mmoja."

"Mayu, nani amesema unakufa?"

"Kufa nitakufa, usinidanganye kama mzungu. Nakuuliza, nitazikwa na nani? Wewe na jembe lako moja? Nani ataimba? Nani atapika? Watanifukia kama mbwa wa barabarani?" Halafu akasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza, "Nimezika watu wengi sana mimi, mwanangu. Sijakosa hata msiba mmoja."

Siku ya mwisho kabla pampu haijawashwa nikaenda kwa Mzee Luhende. Nikachuchumaa mbele ya boma lake, mbali kidogo. Yeye anamkata mbuzi kwato. Hakunitazama. Hukumu yake mwenyewe ilimkataza kuongea na mimi, na yeye siyo mtu wa kuvunja neno lake. Kwa hiyo aliongea na mbuzi.

"Wewe mbuzi," akasema, "kuna mtu amekuja hapa. Sijui anataka nini."

Nikamtazama mbuzi. "Mbuzi, shikamoo. Mwambie mzee nimekuja kuomba msamaha. Mama ni mgonjwa."

"Mbuzi, ugonjwa wa Mama Kulwa tunaujua. Mke wangu hali vizuri kwa ajili hiyo."

"Mwambie nitatoa ng'ombe. Nilete hapa?"

Akageuza kwato nyingine. "Mbuzi, wewe una akili kuliko huyo. Ng'ombe wa kosa haliwi kwa aliyekosewa. Analiwa kwa mkosaji, kwake, uani kwake. Kijiji kizima kinaingia, kinakula, kinacheza mpaka vumbi linasimama. Nyumba iliyofungwa inafunguliwa kwa miguu. Hivyo ndivyo tulivyokuta."

Nyumba yangu ndiyo hiyo iliyo ndani ya mawe meupe.

"Mbuzi, mwambie kuna sikio pale. Kuna watu chini ya ardhi, pampu inawashwa kesho na haizimwi mpaka msimu uishe. Haiwezekani miguu yote ile..."

"Mbuzi," Mzee Luhende akanikata, "mwambie alijali walio chini, akatusahau sisi tulio juu. Hakukosea kwa kukosa kuja, kila mtu ana kazi. Alikosea kusikiliza majembe yetu bila kushika lake, halafu akaja kutucheka." Akamwachia mbuzi akaenda zake. Mazungumzo yameisha, hata mjumbe hayupo.

Nikampigia Athumani, na hiyo siku sikumtania. Akajua kuna jambo. Nikamweleza lote. Nikamwambia nasimamisha kazi, wanifukuze, nawaingiza watu.

"Acha upuuzi," akasema. "Ukilizima sikio lako pampu lazima isimame, ndiyo sheria. Na pampu ikisimama katikati, tope linaganda kwenye bomba. Watalichimba bomba kama nyie mnavyochimba dhahabu, mpaka wajukuu."

"Basi mama yangu azikwe na nani, Fundi?"

Nikasikia anakuna ndevu. Akasema nipe muda. Kesho yake akarudi na jibu: ameongea na wakubwa, na wakubwa, tuwape haki yao, wameelewa haraka kuliko nilivyodhani. Kuna sikio la akiba stoo. Likisimikwa kwenye jabali la upande wa pili wa bonde kwa muda, na likathibitika linasikia vizuri, langu linaweza kupumzishwa mchana mmoja. Lakini lile la muda halina kibanda wala uzio, lazima mtu akae nalo.

"Nani atakaa?" nikauliza.

"Mimi. Nani mwingine ana akili mbovu ya kukaa juani kwa ajili ya Msukuma?"

Ng'ombe alitoka kwa mjomba, dume jeusi aliloliacha baba. Siku hiyo Athumani alipanda jabali lake asubuhi na mwavuli na chupa ya chai, akajaribu mitambo, akanipigia, "Zima." Nikazima. Nikashuka mpaka kwenye mawe meupe nikasimama.

Walikuja wote. Walifika kwenye mawe wakasita, maana miaka yote niliwakataza. Mzee Luhende akatangulia, akavuka, akapiga mguu chini kama anajaribu ubao wa daraja bovu, akageuka akawaita. Wakaingia. Wadogo zangu, sijawahi kuona uani kwangu wageni wawili kwa pamoja, na sasa siuoni uani. Wanaume wakachinja, wanawake wakaja na masufuria vichwani, na wanne wamebeba kinu kikubwa cha mke wa Mzee Luhende. Wakakitua mbele ya kibaraza alipokuwa amelala mayu. Mke wa Mzee Luhende hakusema pole wala nini. Alimwaga mtama ndani, akashika mchi, akaanza kutwanga, na kati ya pigo na pigo akawa anampa habari zote zilizokuwa zimelimbikizana. Mayu alikuwa amelala ubavu, anasema, "Ehe? Ehe? Uongo!" Uso wake ulirudi.

Halafu ngoma. Vumbi likasimama kweli. Simu ikalia, Athumani huyo.

"Nyie ni watu au tembo? Huku bonde zima nawaona nyie kwenye kioo!"

"Tunacheza, mtani."

"Nimewaandika 'Wasukuma', ofisini wameelewa. Nibakizie mbavu."

Mzee Luhende alinifuata nimeshika ile simu. Akanipa mkono. "Wangaluka, Shija." Hiyo ni salamu ya asubuhi na jua lilikuwa limeshapita utosini, lakini nadhani alikuwa nazo nyingi za asubuhi alizoninyima, ikabidi aanze kuzilipa. Nikamwitikia. Nikataka kuongeza neno la kumchekesha. Nikameza.

Mayu aliishi mpaka mvua za kwanza. Alifariki asubuhi, mimi nafuta paneli nje, niliporudi na maji ya kunawa hakuyahitaji. Pampu ilikuwa inafanya kazi. Nikapiga simu ofisini, nikasema kwa utaratibu tuliofundishwa, kituo, jina, sababu. Nikashindwa kuitaja sababu. Yule aliyepokea akasema, "Shija, nimeelewa, mtu anakuja kukupokea." Kabla hajafika, Mzee Luhende alikuwa ameshasimama kwenye mawe na wanaume nyuma yake, viatu mikononi ili wasisumbue, majembe begani.

Mayu alikuwa ameshasema asizikwe kilimani. "Huko hata maiti haruhusiwi kugeuka." Mzee Luhende akatoa sehemu bondeni, kando ya makaburi yao. Nikataka kuchimba, wakaninyang'anya jembe. Mfiwa anakaa. Kwa hiyo nikakaa kwenye mkeka, mikono sina pa kuiweka, mapacha wakafika mmoja mmoja kwa mabasi, Kulwa amevimba macho, Doto na mtoto mgongoni. Watu wakaimba. Wakapika. Watu wengi, mayu angeridhika, angewahesabu na kuwasengenya.

Kaburi lilipokwisha, Athumani, aliyekuja kufanya kazi ya mtani msibani, akavua viatu, akaruka ndani, akalala chali.

"Sitoki!" akapiga kelele kutoka chini. "Nimezunguka mkoa mzima natafuta mahali pa kimya, kumbe mmepaficha nyie! Leteni mashine yangu, kituo ni hapa!"

Wanawake waliokuwa wanalia wakaanza kucheka wakilia. Mzee Luhende akainama juu ya shimo. "Toka humo Mzaramo, huku hakuna nazi."

"Na nyie mmechimba kama mnatafuta dhahabu, mama wa watu anataka kulala tu! Sitoki bila jogoo!"

Jogoo akaahidiwa. Wakamvuta kwa mikono. Akaja mpaka kwenye mkeka, udongo mgongo mzima, akachuchumaa mbele yangu.

"Na wewe mtoto wa marehemu, mdomo umeuacha wapi? Siku unayohitajika, haupo?"

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na majibu ya Athumani ya miaka yote, na hakuna hata moja lililotoka. Akaona. Akaacha utani, akakaa kando yangu kwenye mkeka, bega kwa bega, mpaka wakamaliza kumfukia.

Matanga yakaanuliwa. Kulwa akarudi Songea, Doto akarudi kwake Kigoma, kila mtu akarudi kwake, kama inavyotakiwa. Mimi nikapanda kilimani. Asubuhi nikafuta paneli, nikawasha kioo, mstari umelala. Nikasema "ofisi" kwenye simu kujua kama sauti ipo.

Mchana nikamwona Mzee Luhende anapanda. Alifika kwenye mawe meupe, akakaa juu ya moja kwa upande wa nje, akanyoosha mguu.

"Mzee, shikamoo. Kuna nini?"

"Marahaba. Hakuna kitu. Mguu unaniuma, napumzika."

Akapumzika muda mrefu, hakuongea, na mimi nikakaa upande wangu wa jiwe, sikuongea. Halafu akasimama akashuka bila kuchechemea. Kesho yake akaja tena. Na kesho kutwa. Mpaka siku wananikabidhisha kazi kwa ile mashine, mguu wake ulikuwa haujapona.